Kokoto za Meza ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Sijamwambia mama wala rafiki yangu, na hata kwenye maombi nimelizungukazunguka tu. Miche inayokufa hapa kwa shangazi nimeiua mimi.

Nakuandikia kwa sababu unajua nilivyo kwenye simu, nakuwa bubu. Isitoshe, hapa simu iko sebuleni, na shangazi akiwa jikoni anasikia hadi mtu anavyomeza mate. Barua hii nampa dereva wa lori la kokoto, yule anayepita kwenu na kwetu kila Jumanne na Ijumaa.

Niliingia kazini hapa kitaluni mwezi wa kwanza, wiki ile ile niliyorudisha vitabu vya shule. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche. Nilijaza viriba mia mbili na arobaini vya meza ya tatu, peke yangu. Na chini ya kila kiriba, kabla ya udongo, niliweka viganja viwili vya kokoto. Hakuna aliyenituma. Nilidhani maji yatapata njia ya kutoka haraka, mizizi ipumue, na michungwa yangu iwapite wenzake wote. Nilikuwa nimepanga nisiseme kitu. Nilitaka miche yenyewe iseme, kwa kuwa mimi sisemi.

Sasa imesema. Majani yamekuwa ya njano, mizizi imeoza inanuka. Imekufa thelathini na mmoja, na ni ya meza ya tatu tu. Meza ya kwanza, ya pili na ya nne zinang'aa. Mfuko ni mweusi, hakuna anayeona kilicho ndani. Mche ukifa, mimi ndiye najitolea kuupeleka shimoni na mfuko wake. Shangazi ananisifu kwa bidii. Kila akinisifu natamani ardhi inimeze.

Lililo baya zaidi ni hili. Anayelaumiwa ni Mama Mpira. Ndiye mmwagiliaji wetu, miaka kumi na moja hauachi mpira wa maji mkononi, ndiyo maana tunamwita hivyo. Meza ya tatu iko karibu na bomba, kwa hiyo shangazi anasema Mama Mpira anasimama pale kupiga soga na kuizamisha miche. Jana alimwambia mbele yetu sote, "Miche haifi kwa kusengenywa, inakufa kwa maji." Mama Mpira akajibu, "Basi nipime mkono wangu kwa rula." Amepewa hadi Jumamosi tarehe ishirini na mbili. Wateja watakuja siku hiyo kuangalia miche yao, na ikiwa meza ya tatu bado inakufa, yeye ataondoka.

Wewe unapima udongo na mchanga kwenye maabara ya barabara. Niambie ukweli. Je, ni kokoto zangu? Tafadhali usimwambie shangazi.

Mwanao,
Kimya


Ijumaa, 7 Machi

Kimya mwanangu,

Marahaba. Dereva alinikabidhi barua yako kwa mikono miwili kama hati ya mahakama. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni mtoto wa kaka, akikohoa tu anaandika barua.

Sasa tulia. Miaka kumi na tisa nashika chekeche. Napitisha mchanga, natenganisha punje kubwa na ndogo, kisha napima maji yanapita kwa kasi gani katika kila moja. Udongo laini maji yanapita kwa kusuasua, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Mchanga ni afadhali. Kokoto, maji yanapita kama yanafukuzwa. Punje zikiwa kubwa, nafasi kati yake ni kubwa, na maji yanapita upesi. Sijawahi kuona kinyume chake hata siku moja.

Kwa hiyo kokoto zako hazina hatia. Uliwaza vizuri, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Kama mizizi inaoza, basi kuna mtu anaijaza maji, na mtu huyo anajulikana. Namhurumia mama wa watu, lakini huwezi kubeba kosa la mwenzio kwa sababu tu wewe una moyo laini.

Siri yako ninayo. Lala usingizi.

Baba yako mdogo,
Fundi wa Chekeche


Jumanne, 11 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikafurahi kwa muda wa kama dakika kumi. Halafu nikaenda kumwangalia Mama Mpira akimwagilia, na furaha ikaisha.

Yeye huimba. Kila kiriba kinapata mstari mmoja wa wimbo, mstari ukiisha anahamia kingine. Nilijificha nyuma ya rundo la mbolea nikahesabu meza zote nne. Ni mstari mmoja kila mahali, hauongezi wala haupunguzi. Akifika meza ya tatu ndiyo kabisa, anaimba haraka kwa woga. Baba Mdogo, meza ya tatu inapata maji kidogo kuliko nyingine zote, na bado inaoza.

Kwa hiyo nikatafuta chupa mbili za maji, zile za plastiki zinazoonyesha ndani. Nikakata shingo, nikatoboa matundu chini. Ya kwanza nikaijaza udongo mtupu. Ya pili nikaweka kokoto chini, udongo juu, kama nilivyofanya kwenye viriba. Kisha nikamimina maji kwa kikombe cha chai, kidogo kidogo, nikakaa chini kuangalia.

Katika chupa ya udongo mtupu, weusi wa maji ulishuka taratibu hadi chini kabisa. Katika chupa ya kokoto, ulishuka vizuri hadi pale udongo unapokutana na kokoto, ukasimama. Ulisimama kama umekuta ukuta! Nikaongeza kikombe. Udongo ukawa uji, lakini kokoto chini yake zilikuwa kavu, vumbi lake lile lile la asubuhi. Kikombe cha tatu, bado. Nilipomimina cha nne ndipo tone la kwanza likaanguka, halafu yakashuka mengi kwa pamoja, kisha yakakatika tena.

Kesho yake nilipasua chupa zote mbili kwa kisu. Katika kila moja kulikuwa na tope la vidole vitatu lisilotaka kukauka. Lakini katika chupa ya udongo mtupu tope hilo liko chini kabisa, na mizizi ingekaa juu yake, pakavu. Katika chupa ya kokoto, tope limekaa juu ya kokoto, katikati, pale pale mizizi ilipo. Sikuyapa maji njia. Mimi mwenyewe nililipandisha tope juu, nikalipeleka kwenye mizizi.

Sikuelewa kwa nini hadi Mama Mpira alipoanika ovaroli yake kwenye kamba. Kwapani palikuwa pamekauka, lakini pindo la chini lilikuwa limejaa maji yananing'inia. Nikawaza, chini ya pindo kuna hewa tupu. Hakuna njia pana kuliko hewa. Mbona maji hayaanguki? Kwa sababu kitambaa kinayashika. Matundu yake ni madogo sana, na maji yanapenda kubanwa. Hayaachii mpaka yawe mazito mno. Nadhani kokoto ni hivyo hivyo. Udongo ukiwa na unyevu tu, haujafurika, maji yote yamejibana kwenye vinafasi vidogo kati ya punje. Chini yake yanakuta mapango makubwa ya hewa, na hakuna kitu cha kuyavuta yaingie.

Sisemi umekosea, Baba Mdogo. Nauliza tu, na naomba usikasirike. Mnapopima kule maabara, je, mnaanza kwa kuijaza maji kokoto yote kabla ya kupima?

Na kama utaweza, nitumie mchanga uliopita kwenye chekeche zako, wa saizi mbalimbali. Hata kopo dogo dogo litatosha.

Mwanao,
Kimya


Ijumaa, 14 Machi

Kimya,

Nilisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika kidogo, nakiri. Mara ya tatu niliinuka nikaenda maabara bila kumaliza chakula.

Ndiyo. Tunaijaza maji kwanza. Kila mara. Tunafukuza hewa yote mpaka punje zote zimezama, ndipo tunapima. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyowafundisha wengine. Miaka kumi na tisa nimepima mchanga uliozama, na nimekuwa nikizungumza kana kwamba mchanga wote duniani umezama.

Nikachukua mrija wa kioo, nikaweka kokoto kavu, juu yake mchanga laini, nikadondosha maji polepole kama ulivyoeleza. Yakasimama kwenye mpaka. Mkuu wa maabara akapita akauliza, "Fundi, unaangalia nini muda wote huo, sinema?" Nikamwonyesha. Akasema jambo hilo limo kwenye vitabu vyake vya chuo, ila hakuwahi kuliona kwa macho, na hakuwahi kumwona fundi wake amefunga mdomo kwa saa nzima.

Sasa na mimi nina langu la kukiri. Ulipokuwa darasa la sita nilikuja nyumbani kwenu, nikamkuta mama yako anapanda maua kwenye ndoo. Nikamwambia kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu, "Weka kokoto chini, maji yapate njia." Wewe ulikuwa umekaa mlangoni na kitabu. Nilidhani husikii. Kimya, viganja viwili vile ni maneno yangu. Halafu juu ya hayo, juzi nikamhukumu mwanamke ambaye sijawahi hata kumwona akishika mpira.

Nimekutumia makopo matano kwa dereva. Nimeyaandika nje, kuanzia mchanga laini kama unga hadi kokoto zenyewe. Na nimeshika kalamu nimwandikie dada, nimwambie kosa ni langu. Wewe kaa pembeni, usihangaike.

Baba yako mdogo


Jumanne, 18 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tafadhali usiandike hiyo barua. Kama umeshaiandika, ichane. Wewe ulisema, lakini mkono ulioweka ni wangu, na aliyenyamaza wiki hizi zote ni mimi.

Makopo yamefika. Dereva alisema yana uzito kama dhambi, sikujua nicheke au nilie. Nimetengeneza chupa tano, udongo ule ule juu, na chini ya kila moja mchanga wa kopo moja. Juu ya mchanga laini maji yalipita bila hata kusita. Juu ya ule wa pili yalisita kidogo. Wa tatu yalikawia. Juu ya punje kama mtama yalisimama, na juu ya kokoto yalisimama muda mrefu kuliko zote. Kwa hiyo punje zikizidi ukubwa, maji yanazidi kugoma, mradi kuna hewa ndani. Kisha nikaziba matundu kwa kiganja, nikaifurisha chupa ya kokoto yote hadi juu, nikatoa kiganja. Yalitoka kama yanafukuzwa, kama ulivyosema wewe. Kwa hiyo hukukosea. Ulikuwa sahihi kwa mchanga uliozama, na miche yetu haijazama, ina unyevu tu.

Imekufa mingine minne. Zimebaki siku nne tu kufika Jumamosi. Nimemwomba shangazi nafasi ya kusema mbele ya watu siku hiyo. Alidhani naumwa, akanishika paji la uso.

Nafanya mazoezi mbele ya mbuzi wa jirani. Hadi sasa ameondoka mara mbili.

Mwanao,
Kimya


Jumapili, 23 Machi

Mdogo wangu,

Salaam. Nakuandikia kwa sababu jana nimeongea sana na sauti imekwisha. Na nina neno na wewe, lakini hilo nitakuja nalo mwishoni.

Unamjua mtoto wako huyu, anayesalimia huku anaangalia viatu vya mtu. Jana saa nne asubuhi wateja wangu wamefika, watatu, wale wa shule ya bweni wanaotaka michungwa. Wafanyakazi wamekusanyika. Mama Mpira amekuja na ovaroli imekunjwa kwenye mfuko, tayari kuniachia. Nikasema, haya, Kimya alikuwa na neno. Akatoka na sinia la chupa. Chupa zinagongana kama meno.

Alianza kwa sauti ndogo hivi kwamba mteja mmoja akaniuliza kama anasali. Mama Mpira akapiga kelele, "Paza, mwanangu! Mimi ndiye ninayefukuzwa, angalau nisikie!" Watu wakacheka. Na Kimya akacheka, na sauti ikatoka pale pale kwenye kicheko, haikurudi ndani tena.

Akamimina maji. Tukaona yanashuka, tukaona yanasimama. Mimi mwenyewe nilipiga magoti kwenye matope na gauni langu jema. Mteja mmoja, bwana mwenye miwani, akasema, "Binti, ongeza maji, yatapita." Akaongeza. Hayakupita. "Ongeza tena." Akampa kikombe bwana yule mwenyewe, akamwambia, "Ongeza wewe, nisije nikaambiwa nina mkono mzito." Mdogo wangu, yule ni Kimya kweli?

Kisha akaenda meza ya tatu, akachukua kiriba chochote tu, akakipasua kwa wembe mbele yetu. Udongo, halafu tope jeusi linanuka, mizizi imelala ndani yake. Chini ya tope, kokoto. Kavu, mdogo wangu! Kumwagilia kote kule, na kokoto ni kavu kama zimetoka machimboni.

Nikauliza, "Nani kaweka kokoto kwenye viriba vyangu?"

Akasema, "Mimi, shangazi. Vyote mia mbili na arobaini. Mama Mpira hakukosea hata kimoja. Nimenyamaza mwezi mzima akilaumiwa, na hilo ni baya kuliko kokoto."

Hakuangalia viatu. Aliniangalia mimi.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, ya ukali, unayajua. Lakini yaliyotangulia kutoka yalikuwa kwa Mama Mpira. Ilibidi nimwombe radhi, mbele ya wateja, mbele ya wote, mimi ambaye hata marehemu mume wangu hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Mama Mpira akanitazama weee, akasema, "Rudia, upande huu sikusikia." Nikarudia. Akasema, "Na huu je?" Watu wakavunjika mbavu.

Halafu akamgeukia mtoto. Nilidhani atamchapa. Akatoa mpira wa maji, akamkabidhi mkononi. "Kuanzia leo meza ya tatu unamwagilia wewe. Mimi nitavuta kiti nikulaumu, mwezi mzima. Tutakuwa sawa." Na kweli leo asubuhi kiti kiko pale.

Tulifanya kazi wote mpaka jua likapoa. Tulitoa kokoto, tukakata mizizi iliyooza, tukajaza udongo mtupu hadi chini. Miche mia mbili na mitano. Bwana mwenye miwani alikunja mikono ya shati akajaza viriba na sisi. Amesema atarudi baada ya wiki tatu, na ikichipua ataichukua yote.

Sasa lile neno langu. Mtoto hakukutaja hata mara moja. Lakini mimi ni dada yako, na sauti ya "weka kokoto chini" naijua inatoka kinywa gani. Ukija, njoo na koleo.

Dada yako


Ijumaa, 28 Machi

Kimya mwanangu,

Barua ya dada nimeibandika ukutani maabara, isipokuwa kipande cha mwisho nimekikunja nyuma.

Sikiliza. Kuna mteremko wa barabara yetu unaoporomoka kila mwaka. Kila mwaka tunamlaumu anayeshindilia udongo. Wiki hii tumechimba, na nini tumekuta? Udongo laini, halafu ghafla mawe makubwa. Tope limekaa juu ya mawe, na mawe ni makavu. Sasa tunaweka katikati mchanga wa saizi za kupanda ngazi, laini, wastani, mkubwa, maji yashuke bila kuruka. Na yule mshindiliaji nilikwenda kumpa mkono.

Mkuu anataka uje na chupa zako uwaonyeshe mafundi wote. Baada ya hapo kuna nafasi moja ya mwanafunzi wa maabara, na ameandika jina lako kabla sijamaliza kusema. Watu ni kumi na wanane. Unaweza?

Baba yako mdogo


Jumamosi, 12 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Leo asubuhi bwana mwenye miwani amerudi na lori. Miche mia moja tisini na sita imetoa majani mapya, ya kijani kile laini kinachong'aa kama kimepakwa mafuta. Mama Mpira aliihesabu kwa kuimba, kila mche mstari mmoja, na wakati huu hakuharakisha. Lori lilipoondoka alinyanyua kile kiti chake juu ya kichwa kama kombe, akazunguka nacho meza zote nne. Shangazi alipiga makofi. Nilimwona.

Ndiyo, nakuja. Niambie tu nisimame wapi. Chupa nimeshaziosha, na nimeongeza ya sita, ya saizi za kupanda ngazi.

Ile siri ya kokoto sasa mwambie yeyote umtakaye. Mwambie hata dereva, maana nadhani alishajua.

Lakini kuna nyingine. Siku ile nilipokuwa nimesimama mbele ya watu, baada ya ile chupa ya kwanza, woga uliisha kabisa. Ilipofika ya tatu walikuwa wameshaelewa, ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Niliendelea, nikaeleza na ovaroli, nikaeleza na pindo, kwa sababu tu nilikuwa nafurahia kusikilizwa. Na hao kumi na wanane wa kwenu, Baba Mdogo, mimi naona ni wachache.

Hiyo usimwambie mtu. Wote hapa bado wananiita Kimya, na nataka niwashtue tena.

Mwanao,
Kimya